Nilifuata gurudumu, nikakwama kwenye stoo ya pateni: siku yangu Knight Foundry, Sutter Creek

Niseme kwanza mimi ni nani, msije mkanisoma kama mtalii. Mimi ni seremala. Randa nilijifunzia Mwanza, na kwa miaka mitatu nilikaa kwenye karakana moja iliyokuwa ikisubu vyuma, kazi yangu kuchonga pateni. Kwa asiyejua, pateni ni umbo la mbao la kitu unachotaka kukisubu: unalizika kwenye mchanga, unashindilia, unalichomoa, na pale lilipokuwa unamimina chuma kilichoyeyuka. Sasa nipo Sacramento, California, natengeneza makabati ya jikoni. Mbao ni zilezile, ila kabati halijawahi kunikosesha usingizi. Pateni imenikosesha.

Kilichonipeleka Sutter Creek ni gia ya mdogo wangu. Ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu huko Geita, la zamani, lenye gia kubwa ya inchi ishirini na nne kuzunguka pipa. Mwaka juzi ile gia ikavunjika meno. Akaipeleka kwa mafundi fulani, wakaichomelea meno yaliyopungua, wakaizika gia yenyewe kwenye mchanga kama pateni, wakasubu mpya. Ikaja inang'aa. Ikafungwa, ikapiga kelele kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi, na baada ya miezi michache meno yakalika. Wakachukua ile mpya, wakaifanya pateni ya nyingine. Hiyo ya tatu haikufungika kabisa. Mdogo wangu akanipigia simu: "Kaka, hawa watu wananiibia chuma? Mbona kila gia inakuja ndogo?"

Hawakumwibia kitu. Chuma cha kusubu kikipoa kinasinyaa, kama moja ya nane ya inchi kwa kila futi, yaani karibu asilimia moja. Kwenye gia ya inchi ishirini na nne umepoteza robo inchi. Ukichukua hiyo iliyosinyaa ukaifanya pateni, umepoteza robo inchi nyingine. Na halisinyai umbo la nje tu, kila jino na kila nafasi kati ya jino na jino vinasinyaa pia, kwa hiyo pinioni ya zamani, ile gia ndogo inayosukumana na hii kubwa, haikubaliani tena na gia mpya. Hilo nililijua. Nisilolijua ni namna ya kumchongea gia nzima ya mbao nikiwa mbali, na ikae miaka bila kupinda, ili siku ikivunjika tena asirudi kwenye kuzika vyuma vilivyochakaa. Ndipo mteja wangu mmoja, mzee anayependa mashine za zamani, akaniambia: nenda Knight Foundry, kiwanda cha zamani cha kusubu vyuma, kaone walivyofanya wenzako.

Mahali penyewe pako Mtaa wa Eureka, katika mji mdogo wa Sutter Creek, kaunti ya Amador, kama saa moja kwa gari kutoka Sacramento. Milima ya huko imejaa migodi ya dhahabu iliyofungwa. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1873 kwa ajili ya migodi hiyo: kusubu, kuchonga na kutengeneza kila kilichovunjika. Kilifanya kazi kibiashara hadi 1996. Fikiria hilo. Mgodi wa Kennedy, jirani pale Jackson, uliofika chini zaidi ya mita 1,800, ulifungwa mwaka 1942. Ile migodi mikubwa ikaisha yote, na fundi wao akaendelea kusubu miongo kadhaa. Mwaka 2017 mji wa Sutter Creek ukakinunua, na wanaokihudumia ni watu wa kujitolea. Huwa wanafungua Jumamosi ya pili ya mwezi; msiende kwa kubahatisha, ulizeni kwanza siku na kiingilio.

Nilikwenda na kijana wangu wa miaka kumi na minne. Njia nzima alikuwa na visikizio masikioni, na tulipoegesha gari akatazama yale majengo ya mabati na mbao akasema, "Baba, hii ni kama gereji ya baba mdogo." Hakukosea.

Wengi huja kuona maji. Knight Foundry inatajwa kuwa karakana ya mwisho Marekani iliyobaki ikiendeshwa kwa nguvu za maji, na ukiingia sehemu ya mashine utaelewa kwa nini watu wanapiga picha. Juu, chini ya paa, kuna shafti ndefu. Kwenye shafti kuna mapuli. Kutoka kila puli mkanda unashuka hadi kwenye mashine yake: ya kukereza, ya kutoboa, ya kuranda chuma. Shafti yote hiyo inazungushwa na gurudumu la maji la inchi 42. Inchi 42 tu, kama tairi la lori. Siri iko kwenye kasi ya maji: yanashuka kwenye bomba kutoka mlimani, yanabanwa kwenye ncha nyembamba, yanapiga vikombe vya chuma vilivyopangwa ukingoni mwa gurudumu.

Aliyelibuni ni Samuel Knight mwenyewe, yule ambaye kiwanda kina jina lake, na magurudumu yake yalienea kwenye migodi ya magharibi mwa Marekani, mengine yakaja kuzungusha baadhi ya mitambo ya kwanza ya umeme wa maji. Lakini jina ambalo dunia inalikumbuka ni la Lester Pelton, jirani yake wa kaskazini kidogo. Mwaka 1883 magurudumu yalishindanishwa Grass Valley, kwenye mgodi wa Idaho, na la Pelton likatumia zaidi ya asilimia 90 ya nguvu ya maji. La Knight likaachwa nyuma. Tofauti ni kitu kidogo cha kumchekesha mtu: Pelton aliweka ukuta mwembamba katikati ya kikombe, maji yakifika yanagawanyika pande mbili na kutoka pembeni bila kurudi kuugonga mkondo unaokuja. Nikamwambia kijana wangu kwamba umeme wa Kihansi, kule Iringa na Morogoro zinakopakana, unatoka kwenye vikombe vya namna hiyohiyo vya Pelton. Akaniuliza kama Kihansi si kule kwenye vyura. Ndiyo, ni kule kwenye vyura, wale wadogo wasiopatikana porini kwingine. Mtoto wa Sacramento anawajua vyura wa Kihansi kutoka darasani na hajui bwawa. Sawa.

Haya, hilo ndilo watu wanaloliendea, na ni zuri. Lakini mimi nataka kuzungumzia pateni, kwa sababu ndizo zilizonifanya nisahau chakula cha mchana.

Zipo mamia kwa mamia. Rafu juu ya rafu, nyingine zimetundikwa ukutani, nyingine zimelala sakafuni kwa sababu hakuna rafu ya kuzibeba. Magurudumu, mapuli, gia, vikombe vya gurudumu la maji, nyumba za beringi, vitu ambavyo sikuvitambua hata nilipovizungukia mara mbili. Vumbi, na chini ya vumbi ile harufu ya mbao kavu iliyopakwa vanishi zamani. Baadhi zina namba za rangi. Nilisimama mlangoni nikavua kofia bila kujua naivua kwa nani. Mzee aliyekuwa akituongoza, mtu wa miaka zaidi ya sabini mwenye ovaroli, akaniuliza kama niko sawa. Nikamjibu, "Mimi nilikuwa nachonga hizi." Kuanzia hapo akaniacha nikae nitakavyo, na wageni wengine akawapeleka mbele.

Nieleze nilichokiona, kwa wale mafundi wenzangu walioko nyumbani.

Kwanza, mteremko. Pateni haiwi na ubavu uliosimama wima, lazima uwe umeinama kidogo ili itoke mchangani bila kubomoa. Anayepika ugali anajua hili bila kufundishwa. Ukiugeuza ugali kutoka kwenye bakuli lililopanuka juu, unadondoka mzima, umenyooka. Ukiushindilia kwenye kopo la maziwa lenye ubavu wima, utagonga mpaka mkono uume na bado utatoka vipande. Hawa watu wa Knight mteremko wao ni mdogo kiasi kwamba macho hayauoni, ila ukipitisha kidole gumba kutoka juu hadi chini unausikia. Kwenye karakana yangu ya zamani tulikuwa tunaulazimisha, digrii tano au sita, ili kijana asiye na uzoefu aweze kuchomoa. Matokeo yake ni chuma kingi cha bure, na kukereza kwingi baadaye.

Pili, pembe. Mahali ubavu unapokutana na kitako, hawakuacha kona kali. Wameziba kwa utepe wa ngozi, umegandishwa na kubonyezwa ukawa mviringo. Kona kali kwenye chuma cha kusubu ndipo ufa unapoanzia. Sisi tulitumia putty ya madirisha, na kila pateni ikitumika mara kumi putty inadondoka. Kuona ngozi bado imeshika mahali pake baada ya miaka yote hiyo kulinitia wivu kidogo.

Tatu, na hapa ndipo nilipokaa chini kabisa, magurudumu. Kijana wangu ndiye aliyeuliza: "Kwa nini mikono yake imepinda? Walikosea?" Alikuwa ameonyesha puli moja kubwa ambayo mikono yake, ile inayotoka katikati kwenda ukingoni, haikunyooka, imejikunja kama herufi S. Nikafurahi kuulizwa. Ukingo wa puli ni mwembamba, unapoa upesi na kuganda. Kitovu ni kinene, kinapoa polepole, na kikipoa kinasinyaa na kuvuta mikono kwa ndani. Mkono ulionyooka hauna pa kwenda, utakatika, pengine usiku mashine ikiwa imelala, utasikia mlio tu. Mkono uliopinda unajinyoosha kidogo, unasalimika. Kile kipinde ambacho watu hudhani ni urembo wa zamani ni fundi anayekihurumia chuma.

Nikageuza gurudumu lingine upande wa nyuma (kwa ruhusa) kuona limejengwaje. Ukingo si mbao moja. Ni vipande vifupi vilivyokatwa kwa tao na kugundishwa tabaka juu ya tabaka, viungo vikipishana kama matofali. Hivyo nyuzi za mbao zinafuata mzunguko, na mbao ikitaka kupinda kwa unyevu, tabaka la juu linaizuia ya chini. Jibu la gia ya mdogo wangu lilikuwa hapo mkononi mwangu. Mimi nilikuwa nimepanga kuunganisha mbao nne pana za mninga na kukata duara. Ningemtumia kitu ambacho kikifika Geita wakati wa masika kingekuwa umbo la yai.

Mbao zao nyingi ni za msindano mweupe wa milima ya huko, laini, zenye nyuzi zilizonyooka, zinazokubali patasi kila upande. Nasi tunayo misindano, msitu wa kupandwa wa Sao Hill umejaa, lakini tukisikia neno pateni tunakimbilia mbao ngumu kwa kudhani ugumu ndio uimara. Kwa pateni ya kutumika mara elfu, sawa. Kwa ya kutumika mara tatu, unajitesa.

Kuna kona ya vitu vya vinu ambayo msipite haraka. Kabla ya makarasha ya pipa, mawe ya dhahabu yalitwangwa, na neno ni hilohilo kabisa, kutwanga. Kinu cha chuma, ndani yake michi mitano imesimama kwenye mstari, kila mmoja na uzito wake wa kilo 450 hivi, shafti yenye vidole vilivyopinda inainyanyua na kuiachia, mara tisini mpaka mia kwa dakika. Mchana na usiku. Chini ya mchi kuna kiatu cha chuma, na kiatu kinatua juu ya kitako cha chuma, na vyote viwili vinalika na kubadilishwa daima. Hicho ndicho kilicholisha viwanda kama hiki. Gurudumu la maji mgodi ulinunua mara moja, viatu vya michi ulinunua maisha yote. Kiatu kina shingo inayochomekwa kwenye mchi na kukazwa kwa vipande vya mbao, kila pigo linazidi kukikaza. Nilimwonyesha kijana, nikamwambia bibi yake alitwanga mihogo kwa kanuni hiyohiyo, ukitoa kile kiatu cha chuma. Akavua visikizio, akauliza mchi wa bibi ulikuwa na uzito gani. Sikumbuki. Nilipaswa kukumbuka.

Upande wa kusubu ni chumba chenye sakafu ya mchanga, na tanuri lililosimama kama bomba nene. Linajazwa kwa matabaka: makaa ya koki, chuma, chokaa kidogo, halafu tena. Upepo unapulizwa chini. Chokaa inashika uchafu na kuutoa kama mavi ya chuma, na chuma safi kinachotoka kwenye tundu la chini kina joto la zaidi ya digrii 1,300. Hapo sina mengi, matanuri nimeyaona, na kwa mwenye kuungua mkono mara moja yanatosha kutazamwa kwa mbali. Ila winchi ya kubebea vyungu na masanduku ya mchanga, jinsi ilivyofika kila pembe ya chumba, ingewafaa wengi kuiga.

Ushauri kwa anayetaka kwenda. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, sakafu si ya kandambili. Kuleni kabla au baada, mjini kuna sehemu za kutosha. Wale wazee wanaoongoza wanajua mno, ila wanazungumza kwa istilahi, na asiye fundi atapotea kwenye dakika ya tano, kwa hiyo ulizeni bila aibu: "hiki kinafanya nini?" Wanapenda swali hilo kuliko sifa. Mwenye watoto wadogo awashike mkono. Mwenye kijana anayejifanya haoni lolote, ampeleke kwenye pateni, si kwenye gurudumu, na amwache aanze mwenyewe. Na mkiwa mafundi, semeni mapema, kabla ziara haijaanza. Mimi nilichelewa kusema, nikapoteza nusu saa nikisikiliza maelezo ya vitu ninavyovijua huku ninavyovihitaji vikiwa nyuma ya ukuta.

Mkinilazimisha kutoa nyota, natoa tano, na nne kati ya hizo ni za stoo.

Kabla ya kuondoka yule mzee aliniuliza kama ninayo rula. Nikadhani ananitania. Akafafanua: rula ya mchonga pateni, ambayo inchi zake ni ndefu kuliko inchi za kawaida, zimeongezwa moja ya nane kwa kila futi, ili fundi asipige hesabu ya kusinyaa kila anapopima. Unasoma kipimo cha mchoro, unachora mbao kwa rula hiyo, na mbao inakuja kubwa kwa kiasi kilekile ambacho chuma kitarudi. Kule Mwanza tulikuwa tunaongeza kwa kichwa, na ndiyo iliyokuwa ikinikosesha usingizi, kwa sababu kichwa cha Ijumaa jioni si kile cha Jumatatu.

Niliitafuta wiki mbili. Niliipata kwenye duka la vitu vya mitumba, ndani ya boksi la rula za shule, kwa dola sita. Nilichonga gia kwa vipande vya tao, tabaka tano, na nikasafirisha rula na pateni pamoja kwa mtu aliyekuwa akienda Mwanza. Mdogo wangu akampelekea fundi mwingine, kijana, mwenye kutaka kujifunza, na nikaomba rula ibaki kwake ili pateni zinazofuata achonge mwenyewe.

Siku tatu baadaye simu ikaingia saa kumi usiku kwa saa za huku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Umepata mzigo?"

"Nimepata. Gia ni nzuri sana, mzee. Ila samahani, hii rula uliyonunua walikuuzia mbovu. Nimeilinganisha na yangu, inchi zake zimezidi."